Mzigo hufungwa kabla ya safari: siri ya chavua ya mahindi na msonobari

Mahindi na mbao za msonobari ni bidhaa mbili zinazokutana mara nyingi kwenye foleni za malori katika mipaka ya Namanga, Tunduma, Busia na Mutukula. Moja hupandwa na kuvunwa ndani ya miezi michache, nyingine husubiriwa miaka mingi. Moja hupimwa kwa kilo na debe, nyingine kwa futi na inchi. Hata hivyo, kila punje iliyomo kwenye gunia na kila mti uliopasuliwa mbao ulitokana na kitu kimoja kisichoonekana kwenye hati yoyote ya forodha: chembe ya chavua iliyofika salama mahali ilipotakiwa.

Chavua ni ule ungaunga wa njano unaopukutika kutoka kwenye mbelewele, yaani shada la juu la mhindi. Kwenye mashamba ya misonobari, ambayo wengine huiita misindano au paini, ungaunga huo hutoka kwenye koni dume na msimu wake ukifika huonekana umetanda juu ya madimbwi na mabati. Kila chembe ina nusu ya urithi wa mmea wa baba. Kazi yake ni moja: kuufikisha urithi huo kwenye yai.

Wanasayansi wamekuwa wakilinganisha jinsi chembe hizo zinavyoongozwa na jeni zake katika makundi mawili makubwa ya mimea. Kundi la kwanza ni mimea itoayo maua, kama mahindi, maharage, kahawa na nyanya. La pili ni mimea ya koni, kama msonobari na saipresi. Makundi hayo yalitengana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Ulinganisho huo unaonyesha kwamba yapo mambo ambayo hayajabadilika kwa muda wote huo, na yapo yaliyobadilika sana. Kwa anayeishi kwa kununua na kuuza mazao, tofauti hizo zinaeleza mambo anayoyaona sokoni kila msimu: magunzi yenye mapengo, punje za njano ndani ya mahindi meupe, na mbegu ya magendo inayomtia mkulima hasara.

Oda zilizoandikwa kabla ya kuondoka

Jeni ni maelekezo yaliyohifadhiwa ndani ya seli kwenye DNA. Maelekezo hayo hayatumiki moja kwa moja. Seli ikihitaji kitu, hutoa nakala ya sehemu inayohusika. Nakala hiyo huitwa RNA, na mitambo midogo ya seli huisoma ili kutengeneza protini, ambazo ndizo zinazofanya kazi. Mfanyabiashara anaweza kuifikiria DNA kama leja kubwa inayobaki ofisini, na RNA kama oda anazokabidhiwa dereva. Kudhibiti jeni ni kuamua oda zipi ziandikwe, ngapi, na zitekelezwe lini.

Jambo la kwanza lililowashangaza watafiti ni kwamba chavua huondoka na oda nyingi zikiwa zimeshaandikwa. Katika miaka ya 1960 Joseph Mascarenhas, mtafiti aliyefanya kazi Marekani, alichunguza chavua ya Tradescantia, mmea wa maua unaopandwa bustanini. Alitumia dawa iitwayo actinomycin D, ambayo huizuia seli kutoa nakala mpya za RNA. Chavua ilichipua hata hivyo na kuanza kuotesha mrija wake. Hiyo ilikuwa na maana kwamba nakala za kuanzia safari zilikuwa zimeshatolewa na kuwekwa akiba kabla chembe haijaliacha ua. Watafiti walipotumia dawa za kuzuia utengenezaji wa protini, hali ikawa nyingine: chavua ya mimea mingi ilikwama. Oda zilikuwepo, lakini hazikuweza kutekelezwa.

Kwa msonobari picha ni ya kufanana. Mwaka 2005 watafiti wa China walichapisha matokeo ya jaribio kama hilo kwa msonobari wa nchini mwao uitwao Pinus bungeana. Kuzuia RNA mpya kuliiathiri chavua kidogo tu ikilinganishwa na kuzuia protini. Msonobari nao, basi, hufunga mzigo na kuandika oda zake kabla ya upepo kuipeperusha chembe.

Ufungaji huo wa mzigo unaweza kuhesabika. Mwaka 2004 David Honys na David Twell walitoa hesabu za jeni zinazofanya kazi katika hatua za ukuaji wa chavua ya Arabidopsis, kimmea kidogo cha jamii ya kabichi na sukuma wiki kinachotumiwa sana maabara. Katika hatua ya kwanza, chembe ikiwa bado changa, jeni zipatazo 11,500 zilikuwa zikifanya kazi. Chavua ilipokomaa zilibaki takriban 7,200. Chembe inapokaribia kuondoka huacha kazi nyingi za kawaida za seli na kubaki na zile za safari tu: kujenga ukuta wa mrija, kusafirisha vifaa hadi kwenye ncha inayokua, na kupata nguvu kutokana na sukari. Ni kama dereva anayejua hatarudi ofisini. Habebi leja nzima, hubeba karatasi za safari hiyo peke yake.

Swichi za zamani na swichi za baadaye

Nani basi huamua oda zipi ziandikwe? Kila jeni ina kipande cha DNA mbele yake kinachofanya kazi kama swichi. Swichi hiyo huwashwa na protini maalumu zinazoitambua. Moja ya swichi za chavua zinazojulikana zaidi ilitoka kwenye nyanya. Inaitwa LAT52, na iligunduliwa na kundi la Sheila McCormick huko California mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1990 watafiti hao walionyesha kwamba swichi hiyo ya nyanya ikihamishiwa kwenye tumbaku na Arabidopsis, huwaka ndani ya chavua ya mimea hiyo pia. Nyanya na tumbaku ni ndugu wa karibu, lakini Arabidopsis ni wa mbali. Mimea hiyo mitatu inaielewa lugha moja ya swichi.

Kuna swichi kuu nyingine iliyo ya zamani zaidi. Inaitwa DUO1, na ni protini inayowasha jeni za kutengeneza mbegu za kiume zilizomo ndani ya chavua. Katika Arabidopsis, DUO1 ikiharibika, seli inayopaswa kugawanyika kutoa mbegu mbili za kiume haigawanyiki, na chavua hiyo haiwezi kurutubisha. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba DUO1 hufanya kazi hiyo ya kukamilisha mbegu za kiume hata kwenye Marchantia, mmea mdogo wa mahali penye unyevu usio na ua, koni wala chavua. Mbegu zake za kiume huogelea ndani ya maji. Ukoo wa Marchantia uliachana na ukoo wa mahindi na misonobari kabla hao wawili hawajaachana wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo swichi hiyo kuu ni ya zamani kuliko chavua yenyewe.

Hapo ndipo ulinganisho unapotoa somo lake la kwanza. Kiini cha kazi, yaani kutengeneza mbegu za kiume na kufunga oda mapema, ni urithi wa kale. Mengi ya yaliyobadilika yako kwenye namna ya kusafiri na kupokewa: mwendo wa mrija, muda wa kusubiri, na jinsi mmea mama anavyomlisha mtoto.

Ukubwa wa leja nao usimdanganye mtu. Ramani ya urithi wa mahindi iliyochapishwa mwaka 2009 ilionyesha herufi zipatazo bilioni 2.3. Ile ya msonobari wa Marekani uitwao Pinus taeda, iliyochapishwa mwaka 2014, ilikuwa na herufi zipatazo bilioni 22, mara saba hivi ya urithi wa binadamu. Lakini msonobari hauna jeni mara saba ya binadamu. Sehemu kubwa ya leja yake ni kurasa zinazojirudia. Tofauti kati ya mmea na mmea haipimwi kwa unene wa leja, hupimwa kwa oda zinazotolewa.

Mmoja hufika kesho, mwingine mwaka ujao

Mahindi ni msafiri wa haraka. Mbelewele moja hutoa chembe za chavua kwa mamilioni. Chembe ikitua kwenye unywele wa mhindi mchanga, huchipua ndani ya dakika chache na kuotesha mrija unaopita ndani ya unywele huo. Nywele zinaweza kufikia urefu wa sentimita 20 hadi 30, na mrija huumaliza mwendo wote kwa takriban siku moja. Ni seli moja nyembamba inayokimbia sentimita moja hivi kila saa. Mbegu mbili za kiume zimeshakamilika ndani ya chembe kabla haijapukutika. Hakuna cha kusubiri.

Si mimea yote itoayo maua iliyo hivyo. Chavua ya nyanya, viazi, kahawa na maharage huondoka na seli mbili tu, na mbegu mbili za kiume hukamilika njiani mrija ukiwa unakua. Lakini hata kwao safari ni ya saa au siku, mara chache zaidi.

Msonobari hauna haraka. Chembe yake ina vifuko viwili vya hewa na hupeperushwa mbali na upepo. Ikifika kwenye koni jike huvutwa ndani na tone la maji, huchipua na kuanza kupenya. Kisha husimama. Mrija hutulia ndani ya koni kwa miezi, na mwendo huendelea msimu unaofuata. Mbegu za kiume hukamilika karibu na mwisho wa safari. Kwa misonobari, kuanzia chavua kutua hadi kukutana na yai hupita takriban mwaka mmoja, na koni hukomaa kiasi cha miaka miwili au zaidi baada ya chavua kutua. Mimea yote ya koni haina subira ya namna hiyo. Miprusi ya nchi za baridi humaliza kwa wiki chache. Ila msonobari ndio mti wa koni uliotawala biashara ya mbao laini katika nyanda za juu za kanda hii, hasa Pinus patula wenye asili ya Mexico, unaopandwa Mufindi nchini Tanzania, Kenya na Uganda.

Tofauti kubwa kuliko zote iko mwisho wa safari. Mwaka 1898 Sergei Nawaschin, akifanya kazi Kiev, aligundua kwamba katika mimea ya maua mbegu zote mbili za kiume zina kazi. Moja huungana na yai na kufanya kiinitete, ambacho ndicho kitakachoota. Ya pili huungana na seli nyingine ya kati, na muungano huo ndio unaozaa akiba ya chakula. Kwenye mahindi, akiba hiyo ndiyo sehemu kubwa ya punje. Ndiyo sembe, ndiyo ugali. Bila mbegu ya pili ya kiume hakuna unga.

Msonobari hufanya kinyume. Akiba ya chakula ndani ya mbegu yake hutoka kwa mama peke yake, nayo huanza kujengwa kabla mbegu ya kiume haijalifikia yai. Mama husubiri ishara moja tu, kwamba chavua imetua. Yai lisilopata chavua kwa kawaida hukoma mapema. Akishaipata ishara hiyo huanza kujenga ghala, ingawa mzigo wenyewe uko njiani na utafika mwaka ujao. Mahindi hayatoi hata senti kabla mzigo haujapokelewa. Ni mfumo wenye faida, kwa sababu chakula hakipotei kwa punje isiyorutubishwa. Lakini una hatari yake: chavua isipofika siku zake, hakuna kitakachojaza nafasi hiyo.

Punje ya njano kwenye gunia jeupe

Kila mnunuzi wa mahindi meupe amewahi kukuta punje za njano hafifu zimechanganyika ndani ya mhindi mmoja. Wapo wanaodhani mkulima amechanganya mbegu au punje zimeanza kuharibika. Mara nyingi ni kazi ya chavua. Shamba la jirani lilikuwa na mahindi ya njano, upepo ukaileta chavua yake, na mbegu ya pili ya kiume ikaingiza jeni ya njano moja kwa moja kwenye akiba ya unga. Rangi huonekana msimu huohuo bila kusubiri kizazi kijacho. Mwaka 1899, muda mfupi baada ya ugunduzi wa Nawaschin, Hugo de Vries na Carl Correns walieleza kwamba hiyo ndiyo sababu ya punje za mhindi mmoja kutofautiana.

Unjano huo huwa hafifu kwa sababu ya hesabu. Akiba ya unga hupokea nakala mbili za jeni kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Mama akiwa mweupe na baba wa njano, ni sehemu moja ya njano kwa mbili za nyeupe.

Wakati mwingine hesabu peke yake haitoshi, na hapo ndipo udhibiti wa jeni unapojitokeza waziwazi. Mwaka 1970 Jerry Kermicle wa Wisconsin, Marekani, alichapisha utafiti juu ya jeni ya mahindi iitwayo R, inayotia rangi ya zambarau kwenye tabaka la nje la akiba ya unga. R ikitoka kwa mama, punje huwa na rangi kamili. R hiyohiyo ikiletwa na chavua, punje huwa na madoadoa. Kermicle alionyesha kwamba sababu si wingi wa nakala bali njia zilikopitia. Jeni ilikuwa ileile, herufi kwa herufi, lakini ilibeba alama ya upande ilikotoka, na alama hiyo iliamua isomwe vipi. Ulikuwa mfano wa kwanza wa jeni ya namna hiyo kuthibitishwa kwenye mimea. Tangu hapo imegunduliwa mingine mingi, na kwa kawaida hupatikana kwenye akiba ya unga. Msonobari, ambao akiba yake haina sehemu ya baba, hauna mahali pa mvutano wa namna hiyo kati ya baba na mama.

Wiki moja ya joto

Jambo linalogusa mfuko moja kwa moja ni joto. Seli za mimea zikipata joto kali huwasha haraka jeni za kutengeneza protini za kinga, zinazozuia vifaa vingine vya seli visiharibike. Majani hufanya hivyo, mizizi hufanya hivyo. Mwaka 1990 Isabelle Dupuis na Christian Dumas, watafiti wa Ufaransa, waliyapima hayo kwenye viungo vya uzazi vya mahindi. Nywele na viungo vya kike vilijibu joto kwa kutoa protini za kinga. Chavua iliyokomaa haikutoa. Kwenye nyuzijoto 40 utungaji wa punje ulianguka sana, na upande ulioshindwa ulikuwa wa chavua.

Sababu inarudi kwenye oda zilizoandikwa mapema. Chembe iliyofunga mzigo wake na kuuacha ubabaishaji wa kazi nyingine ni nyepesi na ya haraka, lakini haina nafasi kubwa ya kuandika oda mpya ya dharura. Safari ikiwa ya siku moja katika hali ya kawaida, mpango huo unafaa sana. Joto likija ghafla, dereva hana karatasi ya kumruhusu abadili njia.

Chavua ya mahindi ina udhaifu mwingine. Hupukutika ikiwa na maji mengi, zaidi ya nusu ya uzito wake, na haivumilii kukauka. Kwenye hewa kavu yenye joto uhai wake huisha baada ya saa moja au mbili, na pengine mapema zaidi. Chavua ya msonobari, kama ilivyo kwa mimea mingine mingi ikiwemo ya maua, hujiandaa kwa ukame kabla ya kuondoka: hupoteza maji na kujaza sukari na protini za kuhifadhi. Ikikaushwa vizuri na kuwekwa kwenye baridi, wataalamu wa kuboresha miti huihifadhi kwa miaka kadhaa na kuitumia inapohitajika.

Kwa hiyo mashamba mawili yanaweza kupata mvua ileile kwa msimu mzima na bado yakatoa mavuno tofauti. Lile lililokuwa likitoa maua wiki ya jua kali na ukame litakuwa na magunzi yenye mapengo. Kila unywele umeungana na punje moja, na kila pengo kwenye gunzi mara nyingi ni unywele ambao chavua yake haikufika au ilifika imekufa. Ukame huongeza tatizo kwa sababu hufanya nywele zichelewe kutoka, na zinapotokeza mbelewele imeshamaliza kupukutisha.

Baba asiyejulikana

Kwenye mbao swali ni jingine. Mbegu ya msonobari iliyookotwa chini ya mti mzuri ulionyooka ina mama anayejulikana, lakini baba yake ni yeyote yule aliyepeperushiwa na upepo, pengine mti uliopinda wa kilima cha pili. Chembe yenye vifuko vya hewa inaweza kusafiri kilomita nyingi. Chavua ya mahindi ni kubwa na nzito, na sehemu kubwa huanguka karibu na shamba. Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu hutenga mashamba yao kwa umbali wa mita mia kadhaa.

Msonobari una jambo moja linalowasaidia watafiti kumtambua baba. Katika mimea mingi ya maua, vile vijiungo vya kijani ndani ya majani vinavyotega mwanga wa jua hurithiwa kutoka kwa mama, kwa kuwa vile vya chavua huondolewa au haviingii. Katika msonobari hurithiwa kutoka kwa chavua. Vijiungo hivyo vina DNA yake vyenyewe, na kwa kuisoma mtaalamu anaweza kufuatilia ukoo wa baba katika shamba la miti. Kwa njia hiyo huweza kugunduliwa kama bustani ya mbegu bora imeingiliwa na chavua ya nje.

Maana yake kwa anayevuka mpaka

Elimu hii haihitaji darubini ili itumike. Mfanyabiashara anayepanga kununua mahindi mashambani hujifunza mengi kwa kuuliza swali moja zaidi ya lile la mvua: mahindi yalitoa mbelewele lini, na hali ya hewa ilikuwaje siku hizo kumi au kumi na tano? Jibu linapatikana wiki nyingi kabla ya kuvuna. Akimenya mihindi michache kutoka pande mbalimbali za shamba na kukuta mapengo yaliyotapakaa, anajua mapema kwamba magunia yatapungua hata kama majani ni ya kijani kibichi. Hesabu ya usafiri na mkopo inaweza kupangwa kwa kufuata hilo badala ya kufuata sura ya shamba kwa nje.

Punje chache za njano kwenye mahindi meupe zinaeleza jirani alipanda nini. Kwa mahindi ya kusaga si dalili ya kuoza. Kwa mahindi yanayotakiwa yawe mbegu ni onyo kubwa, kwa kuwa kila punje ya njano ni ushahidi kwamba chavua ya nje iliingia, na nyingine nyingi nyeupe huenda ziliingiwa na chavua ya nje iliyo nyeupe, isiyoonekana kwa macho.

Hapo ndipo hatari ya biashara ya mbegu za magendo inapoonekana. Mbegu chotara hutengenezwa kwa kupanda mistari ya mama na ya baba, kisha kung'oa mbelewele zote za mistari ya mama kabla hazijapukutika, ili chavua itoke upande mmoja tu. Punje zinazovunwa kwa mkulima aliyepanda chotara huo zina sura nzuri na uzito mzuri, lakini zilichavushwa ovyo shambani. Zikipandwa tena, sifa za wazazi hutawanyika na mavuno hushuka. Anayezifunga kwenye pakiti na kuzivusha kama mbegu anauza bidhaa ambayo sura yake haisemi lolote kuhusu yaliyomo, na hasara huonekana miezi minne au mitano baadaye kwa mtu asiye na pa kurudisha. Lebo ya taasisi ya uthibiti wa mbegu, kama TOSCI ya Tanzania au KEPHIS ya Kenya, ni uthibitisho kwamba kuna aliyekagua shamba wakati wa maua, muda ambao udanganyifu huo ungeweza kuonekana.

Kwa miche ya misonobari muda wa kugundua kosa ni mrefu zaidi. Anayenunua miche leo atajua ubora wa baba yake baada ya miaka mingi, mbao zikiwa tayari kupasuliwa, na hakuna anayeweza kurudisha muda huo. Swali la mbegu ilitoka wapi na bustani hiyo ilikingwa vipi dhidi ya chavua ya nje lina thamani kubwa kuliko punguzo la bei ya mche.

Mahindi na msonobari vilishaachana kabla dunia haijamwona binadamu, na kila kimoja kilichagua namna yake ya kufikisha mzigo. Kimoja huwahi na kulipa papo hapo, kingine hungoja mwaka. Katika vyote viwili, sehemu kubwa ya matokeo huwa imeshaamuliwa chembe ya njano inapoliacha shada au koni. Anayenunua mavuno bila kujua kilichotokea siku hizo ananunua mzigo uliofungwa bila yeye kuona ndani.